Simu Nyembamba, Boksi Nene

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha saluni kilinuka spiriti na nywele zilizoungua. Kinyozi alikuwa amefunga mlango wa mbele na kugeuza kibao: LEO HATUFUNGUI. Ndani walikuwa watatu. Kinyozi mwenyewe, mkubwa wa kundi, mtu mfupi asiyejua kupandisha sauti. Fundi, mwanamke wa makamo, aliyekuwa akitengeneza simu sokoni hadi askari walipokivunja kibanda chake wakitafuta mali ya wizi, na kuikuta. Na Shemeji, dereva. Kinyozi alikuwa amemuoa dada yake, basi kundi zima likamwita Shemeji, hata wasiomhusu kwa ndoa wala kwa udugu.

Shemeji ndiye aliyewaponza. Mwezi uliopita, katika kazi ya kuvamia duka la vifaa vya umeme, kitambaa kilimdondoka usoni mbele ya mwenye duka. Kwa hofu akampiga mzee wa watu kichwani kwa nondo. Mzee hakuamka. Sasa picha ya Shemeji ilikuwa imebandikwa kila kituo cha polisi, na Fundi, aliyepokea mali ya duka lile, alikuwa akilala leo huku kesho kule.

Kinyozi hakuna askari aliyemjua. Angeweza kukaa kimya, anyoe vichwa vya watu, azeeke. Lakini mkewe alimwambia kwamba mdogo wake hataondoka peke yake kama mbwa aliyefukuzwa. Wataondoka wote, au watabaki wote wakamatwe pamoja. Mke alikuwa mjamzito, na alipolisema hilo alikuwa akikunja nguo. Kinyozi hakubishana.

Mtu wa kuwavusha mpaka alikuwa mmoja tu. Watu wengi katika mji ule waliitwa matajiri, ila huyu ndiye aliyeitwa Tajiri bila jina jingine. Hakutaka fedha. Alitaka gari moja lililojaa simu mpya. Gari lijae, awavushe wanne. Lori lake lingeondoka jioni hiyohiyo, na halikuwa na tabia ya kusubiri.

Bohari la simu walilolilenga lilikuwa nyuma ya soko la mbao. Mzigo ulikuwa umeshaingia, aina mbili. Simu mpya nyembamba, ile iliyobandikwa kwenye mabango yote ya barabarani. Na simu ndogo, isiyobandikwa popote.

"Tunapakia nyembamba tupu," alisema Kinyozi.

"Utajuta, kaka," alisema Fundi.

Akaeleza sababu zake bila kuinua macho. Nyembamba za mwaka jana zilipita mikononi mwake. Zilikuja zimepinda kwa kukaliwa mfukoni. Betri zake kama jani, mchana haujafika zimeshazima, na zikipata joto zinachoma kama pasi. Watu walilia mbele ya meza yake. Ndogo ni nene, ndiyo, imekaa kama kipande cha sabuni. Lakini inadumu na chaji, inaenea kiganjani, na mama aliyebeba mtoto anaipokea kwa mkono mmoja. Wanaoitaka wanaitafuta kwa tochi, maana maduka hayaiweki.

Kinyozi alimsikiliza hadi mwisho.

"Dada, mtu hanunui simu apige," alisema. "Ananunua aiweke mezani wenzake waione. Hiyo yako akiiweka mezani watadhani ametoa kiberiti."

Shemeji alicheka. Alicheka muda mrefu kuliko utani ulivyostahili, hadi wenzake wakamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa amelala tangu picha yake ibandikwe. Alipoulizwa yuko upande gani alisema yuko upande wa shemeji yake, na kwamba simu ni simu, waondoke tu.

Basi ikaamuliwa nyembamba. Mpango wenyewe haukuwa na maneno mengi. Mchana wafanyakazi wa bohari hutoka kwenda kula. Hubaki mlinzi wa geti na mtunza stoo. Mlinzi anamfahamu Fundi, aliyekuwa akija kuchukua vipuri, akimwona atafungua. Kinyozi atawashikia bastola. Shemeji atawapekua na kuwafunga, kisha atarudi kwenye usukani, injini ikinguruma. Wawili watapakia. Mke wa Kinyozi alikuwa ameshatangulia na mabegi hadi kwenye kinu kibovu cha unga nje ya mji, ambako lori lingeondokea.

Saa saba mchana.

Mlinzi alimwona Fundi, akatabasamu, akafungua. Alipoiona bastola tabasamu lilibaki usoni kwa muda, kama limesahauliwa. Wakampeleka ofisini alikokuwa mtunza stoo, mtu wa miwani, kijiko cha wali bado mkononi.

Shemeji aliwapekua haraka. Jicho lake lilikuwa mlangoni kila mara. Alitoa simu kubwa mfukoni mwa mtunza stoo, akaiponda kwa kisigino. Akapapasa kiunoni, akapapasa mifuko ya nyuma, akaridhika. Aliwafunga mikono kwa kamba ya katani, akawakalisha sakafuni, akatoka karibu mbio.

Ndani ya bohari kulikuwa baridi na giza kidogo. Katoni za nyembamba zilipangwa hadi juu. Kubwa, nyepesi ajabu. Kinyozi na Fundi walizibeba mbilimbili, jasho likiwatoka, bila neno. Gari likaanza kujaa upesi mno.

Fundi ndiye aliyesimama kwanza. Alipasua katoni moja kwa kisu. Sponji juu. Sponji chini. Sponji ubavuni, nene kama godoro la kitanda cha mtoto. Simu zenyewe zilikuwa chache, zimelala katikati kama wagonjwa.

"Simu nyembamba, boksi nene," alisema. "Zinaogopa kuvunjika. Gari likijaa hizi, tumebeba sponji."

Kinyozi alizama katika hesabu zake. Akamfikiria Tajiri akifungua katoni hiyo mbele yake. Akamfikiria mkewe amekaa juu ya mabegi. Halafu akaenda kwenye rundo la pili, akafungua katoni ya ndogo. Zilijipanga bega kwa bega, hakuna hata nafasi ya kuingiza kidole.

Hakuwa mtu wa kuona haya kushindwa.

"Shusha," alisema. "Tubakize hizi chache za mbele. Pakia ndogo."

Shemeji aliona kwenye kioo cha pembeni katoni zikishuka badala ya kupanda. Mwanzoni hakuamini. Akaruka nje, akawafuata, sauti yake imekauka. Alisema wameshapakia, mlango ufungwe, waende. Kinyozi alimwambia arudi kwenye usukani. Hakurudi.

"Mnabishana habari za simu," alisema, "na mimi ndiye natafutwa."

Kinyozi aliweka katoni chini taratibu. Akamshika Shemeji ukosi wa shati, akamvuta hadi pua zikakaribia kugusana.

"Na mwingine anayetafutwa hapa ni nani? Nitajie."

Hakukuwa na wa kutajwa zaidi ya Fundi, aliyeingia matatani kwa kosa la Shemeji, na Kinyozi mwenyewe hakutafutwa na mtu. Kinyozi alimwachia. Shemeji akarudi kwenye gari, akakaa, akashika usukani kwa mikono miwili. Ukosi ulikuwa bado umekunjamana. Hapo ndipo kitu kilipomkatika ndani, ingawa hakujua bado ni kitu gani. Alijua tu kwamba anamchukia mtu aliyekuja kumwokoa.

Kazi iliendelea. Ndogo zilikuwa nzito. Kinyozi alikuwa akihema kama mzee. Vipande vya sponji vilizagaa sakafuni kila mahali.

Fundi alikuwa akipita mlangoni mwa ofisi na katoni begani aliposikia sauti. Sauti ya mwanamke, ndogo, tulivu, ikitoka sakafuni.

"Haloo? Usikate. Askari wako karibu. Hao wezi bado wako ndani?"

Fundi alisimama. Mtunza stoo aliinamisha uso. Nyuma ya mgongo wake, kati ya vidole vilivyofungwa, palikuwa na simu nyeusi, simu ndogo, aina ileile waliyokuwa wakiipakia. Alikuwa ameificha ndani ya soksi tangu mwanzo.

Fundi alimwita Kinyozi kwa sauti ya kawaida. Kinyozi alikuja, akaona, akaielekeza bastola kwenye miwani ya yule mtu. Mtunza stoo alifumba macho. Midomo yake ilikuwa ikitaja watu, pengine watoto. Kinyozi alishusha bastola, akamnyang'anya simu, akaizima.

"Nani alimpekua huyu?" aliuliza.

Alijua. Fundi naye alijua.

Ving'ora vilisikika kutoka upande wa soko la mbao.

Walikimbia. Kinyozi alikuwa mbele, mkono wake umeshagusa mlango wa gari. Fundi alikuwa nyuma, bado ameng'ang'ania katoni yake, kwa kuwa mwili unapochoka hausikii tena akili. Akakanyaga kipande cha sponji. Mguu uliteleza, kifundo kikakunjika upande usio wake, akaanguka vibaya. Hakupiga kelele. Alijaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena.

Kinyozi aligeuka.

Shemeji aliyaona yote kwenye kioo. Alimwona shemeji yake akimwinua Fundi kwa makwapa. Aliuona mkono wake ukipunga: rudi nyuma, rudi nyuma kidogo. Hawakuwa mbali. Mtu angeweza kuwatemea mate. Ilikuwa kazi ya kuingiza gia na kurudi urefu wa gari lenyewe.

Aliingiza gia. Gari likaenda mbele.

Geti lilikuwa wazi. Milango ya nyuma ilipigapiga, katoni moja ikadondoka, ikapasuka, simu zikatapakaa barabarani. Nyuma yake mlio wa bastola ulisikika mara moja. Hakujua ni wa nani. Hakutaka kujua.

Saa kumi na moja jioni.

Alifika kwenye kinu kwa njia za vumbi. Lori lilikuwepo, dereva wake akifunga turubai. Tajiri alikuwa mtu mnene mwenye kandambili, mpole kama mwuza vitambaa. Alifungua katoni moja ya nyembamba. Akafungua moja ya ndogo. Akashika simu mkono huu na mkono ule, akazipima uzito, halafu akazitupa zote mbili ndani ya kikapu kimoja.

Shemeji, kwa sauti isiyokuwa yake, alimuuliza zipi ni bora.

"Zote sawa kwangu," alisema Tajiri. "Mimi nazichinja. Kioo huku, kamera huku, betri kule. Nauza vipuri tu, hayo mengine ni ya wenye maduka."

Akaita vibarua wake waanze kushusha. Hakulalamika kwamba gari halikujaa. Shemeji alikaa chini, hapohapo kwenye vumbi.

Dada yake alikuja ameshika kiuno. Alitazama ndani ya gari, upande wa abiria. Akatazama barabara. Akamuuliza mume wake yuko wapi.

Shemeji alisema wanakuja na gari jingine. Yeye na Fundi. Wamechelewa kidogo tu.

Dada alitoa simu, akapiga, akaiweka sauti ya juu. Iliita sana. Kisha ikapokelewa.

"Haloo," alisema Kinyozi.

"Uko wapi?"

Nyuma yake palisikika redio ikikoroma na viatu vizito vikipita.

"Niko njiani. Nyinyi tangulieni, msinisubiri."

"Na Fundi?"

"Yuko nami. Mguu unamsumbua." Akahema. "Shemeji amefika salama?"

Dada alimtazama mdogo wake pale chini.

"Amefika."

"Vizuri," alisema Kinyozi. Sauti nyingine, ya mwanamume mwingine, ikauliza anaongea na nani na huyo mtu yuko wapi. Simu ikakatwa. Wote wawili walijua ni Kinyozi mwenyewe aliyeikata.

Dada aliitoa laini kwenye simu, akaivunja kwa meno, akaitema. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini uso haukukunjamana. Aliuliza polepole, kama anayemuuliza mtoto.

"Ulimwona anakuja?"

Shemeji angeweza kudanganya tena. Alikuwa amechoka.

"Nilimwona."

"Alikuwa mbali?"

"Hapana."

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya kinu. Dereva wa lori aliwasha injini. Dada alichukua begi lake, akaliacha la mumewe pale lilipokuwa. Alitembea hadi nyuma ya lori, akakanyaga ngazi, mkono mmoja tumboni, akaingia chini ya turubai. Shemeji aliinuka, akamfuata.

Dereva alimzuia kwa mkono, si kwa ubaya.

"Niliambiwa wanne," alisema, akichungulia ndani. "Mama, mko wangapi?"

"Mmoja."

"Dada," alisema Shemeji.

Dada alikuwa ameketi juu ya magunia, akitazama upande mwingine. Tajiri, akiwa na kikapu chake, aliwatazama wote wawili, kisha akarudi kuhesabu simu. Mambo ya ndugu hayakumhusu.

"Na huyu?" dereva aliuliza.

"Huyo ni dereva wa lile gari la mzigo," alisema dada. "Anarudi nalo mjini."

Dereva akateremsha turubai, akafunga kamba, akakaza fundo.