Nyuzi Alizojifunga Radina

Kila asubuhi Radina alisimama kidogo karibu na mlango wa Darasa la Tano B. Alijifanya anafunga kamba za viatu, kumbe masikio yalikuwa ndani, kwa Zlatka na Milko. Miaka minne alikuwa amesoma nao. Kisha shule yao, katika mji wa Sevlievo, Bulgaria, ikawagawa wanafunzi kwa alama: waliopata sita, alama ya juu kabisa, wakaenda A, na waliobaki wakaenda B. Siku Radina alipopangiwa A, mama yake alioka kwa furaha banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini. Radina aliila huku machozi yakimlengalenga.

Huko A kila mtu alikuwa na lake. Ukitupia macho daftari la jirani, analifunika kwa kiwiko. Zamani Zlatka alizoea kumuuliza, "We Radina, hii sehemu ya tatu imetoka wapi?" na katika kumweleza, Radina mwenyewe ndipo alipoelewa barabara. Sasa hakuna aliyemuuliza kitu. Alama zake zilishuka hadi nne, naye aliwakumbuka wenzake wa B mpaka moyo ukamuuma.

Ikafika tarehe mosi Machi, siku ya kuvalishana martenitsa, uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja. Mtu hajivishi mwenyewe, huvalishwa na anayempenda. Kabla ya mapumziko, mikono ya watoto wa A ilikuwa imejaa nyuzi. Mkono wa Radina ulikuwa na uzi mmoja tu, wa mama.

Aibu ikamshika. Alitoka mbio hadi kwenye meza ya muuzaji langoni, akanunua nyuzi kadhaa, akajifungia chooni na kuzifunga mwenyewe, mkono mmoja ukisaidiwa na meno.

"Lo! Malkia wa nyuzi!" Boris, mtani wa darasa, alimpokea. "Nani kakuvisha zote hizo?"

"Marafiki zangu."

"Wako wapi? Mbona hatuwaoni?"

Wakati huohuo Zlatka alitokea mlangoni akihema, ngumi ameikunja. Aliutazama mkono wa Radina.

"Kumbe unazo za kutosha," alisema polepole. "Mimi nilidhani huku hujapata mtu." Akaitia ngumi mfukoni, akageuka.

Radina aliona kwamba akisema kweli, darasa zima litamcheka. Akinyamaza, Zlatka ataondoka hivyo hivyo.

"Zlatka, ngoja! Nimejifunga mwenyewe! Chooni, kwa meno!"

Darasa likaangua kicheko. Boris nusura aanguke kitini. Zlatka hakucheka.

"Ndiyo maana vifundo vibaya hivyo," alisema. "Lete mkono, mjinga wewe." Akautoa mfukoni uzi aliokuja nao, akamvisha.

Bibi Docheva, mwalimu wa hesabu wa mikondo yote miwili, alikuwa nyuma yao na alisikia yote. Aliwaita pembeni.

"Radina, mbona hukuniambia?"

"Ningesema nini, Mwalimu? Kwamba nataka kurudi B? Mama angelia."

"Na wewe Zlatka, mbona hesabu zimekushinda tangu tuwagawe?"

"Nikiuliza, kila mtu ananiambia hata yeye hajui, Mwalimu."

Bibi Docheva akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Wiki iliyofuata somo la hesabu likaunganishwa, kila kikundi kikachanganya watoto wa A na wa B. Boris alipangwa na Milko.

"Huyu wa B atanisaidia nini?" alinung'unika. Lakini kila alipotoa jibu, Milko alimuuliza, "Kwa nini?" Mara ya tatu Boris akajikuna kichwa. Alikuwa amekariri tu. Ikabidi waanze upya wote wawili.

"Nilidhani tukiwatenganisha, kila mmoja atakwenda kwa mwendo wake," Bibi Docheva aliwaambia mwisho wa somo. "Nilikosea. Mtoto hafundishwi na mwalimu peke yake, hufundishwa pia na wale anaoketi nao. Anayeuliza anafaidika, na anayeulizwa anafaidika zaidi. Na ukiwa mpweke, sema. Uongo hauleti rafiki, unamfukuza hata yule anayekuja."

Kengele ikalia. Masomo mengine yalikuwa bado yametengwa, hivyo watoto wa B wakaanza kukusanya vitabu. Radina alimtazama Zlatka akielekea mlangoni; siku nyingine angejifanya anafunga kamba za viatu. Lakini safari hii alipaza sauti mbele ya wote:

"Zlatka! Nitakuwa na hamu na wewe mpaka kesho!"

Hata Boris hakucheka.