CD Kumi na Mbili za Tuktuki

Makasha yalikuwepo. CD hazikuwepo.

Inspekta Tapas Kundu aliyafungua moja baada ya jingine, yote kumi na mawili, matupu. Kila moja lilikuwa na mwandiko wa mkono: Tuktuki, mazoezi. Tuktuki, siku ya kuzaliwa. Nyuma yake Mzee Shibnath Bagchi alizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Kaa, Mzee."

"Nikae vipi? Sauti ya mwanangu imo kwenye gunia la mwizi, wewe unaniambia nikae!"

Tuktuki, binti yake wa pekee, alifariki kwa homa ya dengi akiwa na miaka kumi na tisa. CD hizo ndimo alimorekodiwa akiimba. Wiki hiyo mzee alikuwa amenunua diski ngumu ya kompyuta, akawa anahamishia humo CD zote za nyumbani kabla ukungu wa mvua haujazimaliza.

"Kwa nini hukuanza na hizi?"

"Nilianza na sinema, nijifunze kwanza. Hizi niliogopa kuzikosea." Akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mjinga mimi! Sinema mia moja zimeingia salama salimini!"

Inspekta alikagua eneo la tukio. Kufuli zima. Dirisha zima. Simu ya bei mbaya iko pale pale mezani. Sinema hazikuguswa hata moja. Jamani, mwizi gani huyo?

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Sokoni, kununua samaki. Dakika arobaini."

"Na mkeo?"

"Jikoni."

Mkewe, Mama Haimanti, aliingia na chai. Aliweka kikombe kando ya makasha matupu bila kuyatazama.

"Andika tu zimeibiwa, mwanangu," alisema. "Watu wa mji huu wa Krishnanagar siku hizi hawana haya."

Inspekta hakunywa chai. Alipanda darini, juu ya paa bapa la nyumba.

Ulikuwa mwezi wa Bhadro wa Kibengali, msimu wa kuanika vitu, jua limechomoza baada ya mvua, na kila dari mtaani ilijaa sari za harusi, mablanketi na vitabu vilivyoanikwa. Dari ya Bagchi ilikuwa na mkeka mmoja tu, umeviringishwa pembeni. Akaukunjua. Ulikuwa umepauka, isipokuwa miduara iliyobaki na rangi yake, safu kwa safu, zaidi ya mia. Akachukua kasha tupu, akalipima juu ya mduara mmoja: ukubwa wa CD kamili.

Alishuka moja kwa moja hadi jikoni.

"Mama, uliziweka juani siku ngapi?"

"Niliweka nini?"

"Mama."

Haimanti aliangalia sakafu. "Wiki nzima."

"Sinema za dukani zilivumilia. Hizi za kurekodi nyumbani..."

"Jua limezila." Alifungua pipa la mchele, akazamisha mkono hadi kiwiko, akatoa bunda lililofungwa kwa kitambaa. "Juzi nilijaribu moja kwenye redio ya CD. Kimya. Nikajaribu zote. Kimya, kimya, kimya! Na yeye kila siku ananiambia, bado sinema tano, bado nne, halafu tunamsikia Tuktuki."

"Ndipo ukaziiba."

"Zikiibiwa ziko mahali, mwanangu. Mtu anaweza kungoja."

"Ungemwambia tu. Angefoka, kisha angekusamehe."

"Nani kasema naogopa kufokewa? Miaka thelathini na minane ananifokea!" Akashusha sauti. "Kabla ya hiyo diski alikuwa mjini Siliguri kwa kaka yake. Akapiga simu, jua limetoka, anika kila kitu, na zile CD zina ukungu, usizisahau. Nikamuuliza, hata CD? Akasema, wewe mwanamke, fanya ninavyokwambia. Amesahau. Nakuomba, asikumbuke."

"Nilisema hivyo?"

Mzee alikuwa amesimama mlangoni.

"Hukusema, Baba Tuktuki," mkewe alisema haraka. "Nimezua mimi."

"Nilisema." Mzee aliingia ndani. "Nilikuwa nanyoa ndevu. Nilisema, na zile CD."

Akaketi sakafuni kando ya pipa. Inspekta alitoa daftari kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Kesi ilikwisha kufunguliwa kituoni, na ilihitaji jina la mkosaji.

"Andika, Inspekta," mzee alisema. "Shibnath Bagchi. Baba wa marehemu."

Haimanti alimrukia Inspekta, akampokonya kalamu.

"Huandiki!" alipiga kelele, ameishika kwa mikono miwili. "Huandiki jina lake!"