Sahani ya Tant Awatef

Wifi yangu Apondi ana kichwa kigumu, na hilo nalisema hata akiwa amekaa hapa. Mimi ningekuwa mtu wa kuzusha, ningezusha hadithi yenye mwisho mzuri. Haya yalitokea ughaibuni, mtaa wa Granville, kwenye maghorofa ya matofali mekundu karibu na reli. Kila wikendi nilikuwa huko, maana Apondi alikuwa mjamzito na kaka yangu Oloo anaendesha lori bandarini Port Botany, hana saa za kueleweka.

Mlango wa pili waliishi Wamisri: Tant Awatef (Tant kwao ni kama shangazi), mama mtu mzima, na binti yake Hend, aliyekuwa ametoka kujifungua mtoto wa kiume. Majirani wa kuomba kwa Mungu! Sahani ya Tant ikija na maharage, inarudi na chapati. Ikija na wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu, inarudi na mandazi. Kwao kama kwetu, kurudisha sahani tupu ni aibu.

Siku ya saba ya mtoto wakatualika. Ilikuwa mchana, jua linawaka. Apondi alipitia buchani akanunua mbuzi, maana kwetu mzazi hunyweshwa supu ili maziwa yaje. Akaipanga ile nyama mbichi kwenye sahani ya Tant. Mimi nikabeba nepi.

Ndani ni shangwe tupu. Mtoto amelazwa kwenye chekeche kubwa, chumvi imemwagwa kila mahali kufukuza jicho la husuda. Tant Awatef anagonga kinu kidogo cha shaba karibu na sikio la mjukuu, ting, ting, ting, ili azoee kelele za dunia na amsikilize mama yake. Hend anamruka mtoto huku wanawake wakipiga vigelegele.

Apondi akaingia na sahani. Kinu kikanyamaza. Hend akashika kifua.

"Nyama mbichi," Tant akanong'ona. "Kwa mzazi ambaye hajatimiza arobaini." Akamshika Apondi mkono, kwa upole kabisa. "Hukujua, binti yangu. Iweke chini. Hend airuke, maziwa hayatakauka. Na wewe una mimba. Kurukwa kwake kutakukinga hata wewe."

Jamani, lilikuwa jambo la dakika moja! Nyama chini, mtu aruke, yaishe. Lakini Apondi aliona haya mbele za watu, na haya yake huwa inageuka hasira. "Mimi nimeokoka, Tant. Siingii kwenye mambo ya giza." Akaondoka na ile sahani na nyama yake. Jioni akaipika nyama, akaila yote. Mimi sikuonja, moyo ulikataa.

Kesho yake Hend hakuwa na tone la maziwa. Mtoto akakataa chupa, akapelekwa hospitali, hakurudi. Tant Awatef akabisha mlango wetu, macho yamevimba, akaomba kitu kimoja. "Ile nyama. Imebaki hata mfupa?"

Apondi akatikisa kichwa. Yule mama hakutukana. Wakahama wiki ile ile.

Apondi naye akajifungua, msichana. Maziwa hayakuja. Akipewa chupa, mtoto anafunga mdomo. Sote tulijua tunaelekea wapi. "Wifi, ni mimi," Apondi alilia. "Nilimnyima wa Hend, na sasa wangu."

Lakini mtoto hakukonda. Alinenepa! Nesi wa kupima watoto akampongeza Apondi, akamwambia aendelee hivyo hivyo kunyonyesha.

Adhuhuri moja nilibaki na mtoto, Apondi amelala. Nikasikia ting. Ukutani. Ting. Nyumba ya pili ilikuwa bado tupu. Ting. Mtoto akageuza kichwa. Mdomo ukafunguka. Ukashika kitu. Hapakuwa na kitu. Akanyonya. Akameza, nikiona koo lake likipanda na kushuka. Kando yake godoro lilikuwa limebonyea, kama mtu ameegemea kiwiko.

"Hend?" nikanong'ona, ingawa Hend alikuwa ameshahama na mama yake.

Godoro likainuka taratibu. Nikamnyakua mtoto, nikamfuta maziwa kidevuni kwa leso yangu, nikamwamsha mama yake, tukatoka mbio.

Oloo alituhamishia Smithfield, nyumba iliyosimama peke yake. Apondi alimtafuta Tant Awatef huko walikohamia, akapiga magoti, wakalia pamoja. Msamaha alipewa. Nyama ya kurukwa ndiyo haikuwepo.

Sasa mtoto ana meno na chakula hagusi, wala hakondi. Mama yake akimwita, hageuki. Lakini kijiko kikigonga sufuria jikoni, anaugeukia ukuta, anacheka, ananyoosha mikono abebwe. Apondi huwa anasimama pale pale, mikono mitupu, analia bila sauti. Nami namwonea huruma kuliko ninavyoweza kusema.

Ile leso sikuifua. Niliianika dirishani, mahali panapopigwa na jua kutwa nzima, kiangazi kikapita. Haijakauka.