Moshi Kutoka Makaburini

Kila asubuhi Retta aliamshwa na kikohozi cha babu yake. Mzee Hobert alikuwa amechimba makaa ya mawe chini ya milima ya Kentucky kwa miaka thelathini na minne, na vumbi alilolivuta huko halikumwacha hata uzeeni. Alikohoa akivaa viatu, akakohoa akitafuta miwani, ndipo akaketi barazani kwenye kiti cha kubembea kusubiri kahawa. Retta, msichana wa miaka kumi na miwili, alimpelekea kikombe chake na mikate miwili midogo iliyomwagiwa mchuzi mzito wa maziwa, kisha akakimbilia basi la shule. Mama yake, Verna, alikuwa ameshaondoka kwenda kazini mjini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Zamani kahawa ile ilipikwa na Bibi Nola. Bibi alifariki mwezi wa pili, theluji ikiwa bado chini, wakamzika juu ya kilima nyuma ya nyumba, kwenye makaburi ya ukoo. Tangu siku hiyo nyumba ilipoa. Walikula bila maneno, wakaosha vyombo bila maneno, na kila mmoja akaingia chumbani kwake mapema.

Mwezi wa tano ulipoingia, babu alianza kuhesabu siku. Jumapili ya mwisho ya mwezi ule ni siku ya kupamba makaburi. Ukoo mzima hurudi, hata waliohamia Ohio na Michigan, wakapanda kilimani na maua na vyakula, wakaimba na kula pamoja kando ya wafu wao. Na watu wa bonde lile wana jambo moja: kaburi la ukoo halisafishwi na mtu wa nje. La kwenu likikutwa na magugu siku hiyo, aibu ni yenu, na mashangazi hawatawafichia.

"Nataka nilione kaburi la bibi yako likiwa safi," babu alisema. "Watanipandisha kwa gari. Mwakani sijui kama nitakuwepo."

"Babu, usiseme hivyo!"

"Nimesema sijui. Sijasema nimeaga."

Tatizo lilikuwa ule mmea ambao watu wa huko huuita mtambaa wa sumu. Huparamia miti na uzio, na majani yake hukaa matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, yaking'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Wewe msomaji unaujua upupu. Basi upupu ni mzaha mbele ya huu. Upupu huwasha papo hapo, ukajua umeguswa. Mtambaa wa sumu hunyamaza siku nzima, pengine mbili, ndipo ngozi inavimba na kutoa malengelenge ya kukunyima raha wiki tatu. Tangu bibi aanze kuugua hakuna aliyeugusa, nao ulikuwa umefunika uzio wote na mawe sita ya makaburi.

"Subiri mvua inyeshe, ardhi ilainike," babu alimfundisha. "Ung'oe pamoja na mzizi wake wote. Vaa mikono mirefu na glavu. Tia kwenye mifuko myeusi minene, funga, iburute mpaka barabarani, gari la taka litachukua. Ukirudi, oga kwa maji baridi na sabuni ya vyombo. Hata koleo lioshe."

"Si bora niuchome tu, Babu?"

Mzee Hobert akaweka kikombe chini. "Usiuchome kamwe, hata ukikauka mwaka mzima. Sumu yake hupanda na moshi, na moshi huo hauchagui pa kuingia. Mimi na kifua hiki, Retta? Niahidi."

"Naahidi, Babu."

Na kweli alianza vizuri. Alasiri za wiki nzima aling'oa, akavuta, akalundika, jasho likimwingia machoni. Jumamosi ilipofika lundo lilikuwa limemzidi urefu. Alijaza mifuko mitatu. Wa kwanza aliuburuta mpaka barabarani, mikono ikafa ganzi. Wa pili ulipasukia njiani kwenye mawe, kila kitu kikamwagika, akakaa chini akataka kulia.

Hapo akatokea binamu yake Dessie, taulo begani.

"Wewe bado unapalilia marehemu tu?" Dessie akamcheka. "Wenzako wote wako mtoni."

"Siwezi. Imebaki kama mifuko kumi."

"Mifuko ya nini? Choma, bwana! Tazama kule. Tazama na kule."

Dessie hakusema uongo. Kila msimu ule watu wa bonde huchoma majani makuukuu na matawi waliyokata, na siku hiyo moshi ulisimama juu ya karibu kila ua. Nani angeutambua moshi mmoja zaidi? Retta alimkumbuka babu na ile ahadi. Akakumbuka pia maji ya mto. Akafunika lundo kwa matawi makavu, akawasha kiberiti.

Moto ulishika upesi. Mara upepo ukageuka, na moshi ule mzito wa kijivu, badala ya kwenda juu, ukateremka kilima moja kwa moja hadi nyumbani. Retta alishuka mbio. Alimkuta babu barazani, amezungukwa na moshi, anapepea kofia yake mbele ya uso.

"Mnachoma nini huko juu?" babu akauliza.

Jamani, jibu lilikuwa hapo mdomoni! Lakini Retta alifikiria ahadi yake, akafikiria uso wa babu ukimkunjamania, akatazama pembeni.

"Matawi tu, Babu. Na majani ya mwaka jana."

"Haya. Hayo hayanidhuru. Bibi yako alikuwa anapenda harufu yake." Akaegemea kiti chake, akaanza kubembea.

Retta alitaka kusema, "Babu, ingia ndani." Hakusema. Aliogopa ataulizwa kwa nini. Akachukua taulo, akaenda mtoni na Dessie, na huko aliogelea bila furaha yoyote.

Jumatatu asubuhi hakusikia kikohozi. Alikaa kitandani akisikiliza, kisha akakimbilia chumbani kwa babu. Mzee Hobert alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, uso umevimba mpaka macho hayafunguki, midomo imegeuka rangi. Alikuwa anagombania pumzi.

"Mama! Mama!"

Gari la wagonjwa liliwapeleka hospitali ya mjini. Daktari Pruitt, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, aliwauliza swali lake la kwanza: "Amevuta kitu gani siku hizi? Rangi? Dawa ya wadudu? Moshi?"

"Moshi wa matawi tu, kama kila mwaka," Mama Verna akasema. "Si ndiyo, Retta?"

Retta akavuta mikono ya sweta yake mpaka vidoleni. Chini yake malengelenge yalikuwa yameanza kutoka. "Ndiyo, Mama," akasema.

Basi babu akapewa dawa ya homa ya mapafu. Jumanne hali ikazidi kuwa mbaya, akawekewa mashine ya kumsaidia kupumua. Jumatano mchana daktari alimwita mama kwenye ujia, akasema kwa sauti ya chini ambayo Retta aliisikia yote.

"Dada Verna, kifua kinavimba kwa ndani na sijui kwa nini. Naomba ujiandae. Waite ndugu zake."

Mama akajifunika uso kwa mikono miwili. Retta hakuwa amewahi kumwona mama yake analia hadharani, hata kwenye mazishi ya bibi. Akawasogelea. Akapandisha mikono ya sweta, wakaona malengelenge kutoka kwenye vifundo vya mikono hadi viwiko.

"Daktari, hayakuwa matawi," akasema. "Nilichoma mtambaa wa sumu. Lundo zima. Babu aliniuliza, nikamdanganya. Na juzi nikakudanganya wewe."

Daktari hakusubiri neno jingine. Alirudi wodini mbio, akaita wauguzi, akabadilisha dawa. Mama Verna alimtazama binti yake, kisha akageukia ukuta. Retta alitamani angepigwa.

Ijumaa uvimbe ulianza kupungua. Baada ya siku tano nyingine babu alirudishwa nyumbani, lakini alirudi na mtungi wa hewa na mpira mwembamba puani, na daktari alimwambia wazi kwamba mtungi ule hatauacha tena.

Retta alipanda kilimani na koleo. Pale kwenye jivu aliona kitu kilichomfanya asimame: machipukizi mapya mekundu, majani matatu matatu, yanang'aa. Mizizi mingi ilikuwa imekatikia ardhini alipokuwa aking'oa, na moto ulikula kilichokuwa juu tu. Yaani hata kazi yenyewe hakuwa ameifanya. Safari hii alifukua mzizi mmoja mmoja. Dessie alikuja bila kuitwa, amevaa glavu za baba yake, akafukua naye bila mzaha wowote. Walijaza mifuko kumi na minne, wakaiburuta yote mpaka barabarani, mmoja akishika mbele na mwingine nyuma.

Jumapili ya mwisho ikafika. Makaburi yalikuwa safi kama uwanja uliofagiwa. Magari ya ndugu yalijaa uani, na ukoo ulipita mmoja mmoja kumshika babu mkono kabla ya kupanda. Yeye hakupanda. Daktari alikuwa amekataa kabisa: kilima na vumbi, vyote viwili. Babu aliketi barazani, mtungi wake pembeni, akisikiliza nyimbo zikianza kule juu. Retta alibaki naye.

"Babu, nisamehe. Nisingechoma ule mmea..."

"Ngoja kwanza," babu akamkatiza. Sasa ilimbidi apumzike kila baada ya maneno machache. "Kuchoma ulikosea. Ulichoka, ukafanya ujinga. Mimi nilipokuwa mdogo kama wewe nilifanya ujinga mwingi kuliko huo. Hilo silibebi moyoni." Akavuta pumzi. "Lakini nilikuuliza swali, mwanangu. Moshi ulikuwa ndio kwanza umefika. Kutoka kwenye kiti hiki mpaka mlangoni ni hatua sita. Nimezihesabu. Ungenijibu kweli, ningekugombeza, ningesimama, ningeingia ndani na kufunga mlango. Leo ningekuwa juu pale na bibi yako."

Machozi yalimdondoka Retta mapajani.

"Kosa ulilolifanya kwa mikono lingeweza kurekebishwa siku ileile," babu akaendelea. "Lililoniumiza ni lile neno la uongo. Ukikosea tena, na utakosea, sema mapema, mtu akiwa bado ana nafasi ya kusimama. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Babu."

"Basi chukua haya." Akamwekea mapajani shada la maua aliyoyachuma mwenyewe uani, akisukuma mtungi wake polepole kutoka shina hadi shina. "Mpelekee. Na umwambie kwa nini sikuja."

"Nimwambie... yote?"

"Yote. Bibi yako hakupenda kufichwa."

Retta alipanda kilima peke yake. Ndugu walipomwona na maua yale, wakaacha kuimba, wakampisha. Alipiga magoti mbele ya jiwe jipya la Bibi Nola na kuyapanga maua moja moja. Mashangazi wote walikuwa wanamtazama, na mama yake pia. Angeweza kunong'ona. Lakini alivuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Bibi, Babu hakuja leo. Ni kwa sababu yangu. Aliniuliza ninachoma nini, nami nikamdanganya."

Mama Verna akatoka katikati ya watu, akaja kupiga magoti kando ya binti yake, akamshika mkono.