Kichupa Namba Elfu Moja

Wasomaji tulieni na mkae vizuri, maana jambo hili ni zito na lilianza na sabuni.

Jumamosi moja ya mwaka 1998, Eugenia Lwakatare alikuwa sokoni Makoroboi, Mwanza, katikati ya vumbi, redio na makelele ya mitumba. Alivaa gauni la maua ya njano lililopigwa pasi mpaka likasalimu amri. Mkononi alishika mche wa sabuni ya kigeni, kichwani alibeba tatizo. Kwenye maabara alikofanya kazi, vichupa viwili vya damu vilikuwa vimechanganywa: vyote kutoka Kisesa, vyote vimeandikwa Kulwa Mayala. Na Usukumani, kila pacha wa kwanza ni Kulwa! Dakta Chenge, mkuu wa maabara, alikuwa ametamka hukumu: "Kosa moja tena, Eugenia, sampuli zote zinahamia Dar. Na wewe unapanda meli ya Bukoba, urudi kwenu."

Ghafla mwanga mwekundu ukampita tumboni.

"Wewe! Unanimulika nini?"

"Samahani dada. Nilikuwa naisoma sabuni yako."

Aliyesema hayo alikuwa kijana mrefu, shati la drafti, kalamu tatu mfukoni, amekaa kwenye baraza la duka nyuma ya kompyuta iliyowekwa juu ya kreti ya soda. Alishika kitu kama bastola chenye waya.

"Sabuni inasomwa?"

"Ilete." Akaelekeza bastola kwenye vile vistari vyeusi vya paketi. *Pii!* Namba ndefu ikajiandika kwenye kioo cha kompyuta.

Watu wengine wangeondoka. Eugenia akavuta kigoda.

"Hiyo namba inajua kuwa hii ni sabuni?"

"Haijui kitu. Mimi ndiye naiambia kompyuta: ukiona namba hii, ni sabuni."

"Ukiiambia ni damu?"

Kijana akamtazama kwa hofu kidogo. "Dada, unatoka wapi?"

"Bukoba."

"Ndiyo maana una maswali mengi. Naitwa Mihayo Luhaga."

"Msukuma mwenye bastola. Mungu atunusuru."

Ndivyo mapenzi yalivyoanza. Msimulizi hana mamlaka ya kuyapamba.

Jumatatu, akiwa ameshasimuliwa habari ya vichupa, Mihayo alifika maabara na mzigo wake. Dakta Chenge alishawahi kuuliza bei ya programu ya aina hiyo kwa kampuni ya Ulaya, akalazimika kukaa chini. Ya Mihayo ilikuwa kwenye disketi moja, na ilikuwa ya bure.

"Cha bure kina nini ndani?" aliuliza Dakta.

"Fungua uone, mzee. Haina siri. Kila mstari unasomeka, unarekebishika, na ukipenda unamgawia mwenzio. Sharti ni moja: usifute jina la aliyekutangulia. Ukibadilisha kitu, unaongeza lako chini yake."

Bastola ilitoka kwenye kontena la mitumba. Printa ya zamani ilichapa stika za vistari huku ikilia kama cherehani. Siku ya kwanza stika zilibanduka kwenye jokofu. Eugenia akazifunika kwa selotepu, zikanata. Kuanzia hapo kila kichupa, cha Kisesa au cha Nansio, kilikuwa na namba yake peke yake, hata wangekuja Kulwa hamsini.

Simu ya maabara nayo ikapata kazi mpya.

"Haloo, maabara."

"Hapa ni sampuli iliyopotea."

"Sampuli ya nini?"

"Ya moyo. Naomba nitunzwe mahali pa baridi, nina joto."

"Mihayo, Dakta yuko hapa!"

"Mpe shikamoo yangu. Jioni nikufundishe kusoma programu, mpenzi?"

Akamfundisha. Mwezi mzima walikaa bega kwa bega mbele ya kioo, Eugenia akitafuna senene, wale panzi wa kukaanga aliotumiwa kutoka kwao, Mihayo akikataa, kisha akila nusu ya mfuko. Hata alipokuwa peke yake, Eugenia aliifungua programu kama mtu anayepekua kabati la mwenyeji wake. Jioni moja akapanda mpaka juu kabisa ya programu, asikowahi kufika. Pale, kwa Kiingereza, palikuwa na maneno haya: *Kwa Winnie, wangu siku zote. M.*

Mihayo alirudi na chupa mbili za soda.

"Winnie ni nani?"

Mihayo akaona vile midomo ilivyobana, na ule wivu ukawa mtamu kwake kuliko soda. Akaamua kuuonja kwanza, maelezo yangefuata kesho. Huo ndio ugonjwa wake.

"Ah, Winnie! Huyo ni wa kwanza. Hafutiki, Jeni. Wewe utakuja chini yake."

Eugenia akachukua mkoba, akatoka. Kesho ya maelezo haikufika. Simu ilipolia alijibu, "Umekosea namba," na ilipolia tena alisema, "Sampuli hiyo imeharibika, tumeitupa." Kisha akaenda chooni kulia, akanawa uso, akarudi kuvaa glovu.

Wiki tatu zikapita. Ijumaa asubuhi likaja boksi la Kisesa. Kichupa cha 998, *pii*. Cha 999, *pii*. Cha elfu moja, kimya. Akapiga tena bastola, kimya. Nyuma yake vilisubiri arobaini, barafu ikiyeyuka, na mlangoni Dakta Chenge alikuwa akisafisha miwani.

"Kuna tatizo?"

"Hakuna, Dakta. Nipe nusu saa."

Mkono ulienda kwenye simu, ukarudi. Akafungua programu mwenyewe, akaisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza kama mtu anayesali. Hatimaye akamkuta mchawi: aliyeiandika mwanzo alidhani hakuna maabara itakayopita vichupa 999. Eugenia akaongeza tisa moja. *Pii!* Akataka kumbusu mtu, hakuwepo.

Likabaki lile sharti. Akapanda juu kuandika jina lake, na hapo akaona kitu ambacho hasira ilimficha: kila jina lilikuwa na tarehe. Magnus, 1989. Ndiye M wa Winnie, aliyeiandika programu hii mwanzo. Mwaka 1989 Mihayo alikuwa darasa la saba Kisesa, jioni akichunga ng'ombe wa babu yake.

Akanyanyua simu.

"Mjinga wewe. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kukutania siku moja tu. Zimekuwa ishirini na mbili. Jeni, nimekonda, hata senene nimewakumbuka."

"Njoo."

Alifika anahema, shati limechomekwa upande mmoja. Akasoma kwenye kioo: *Eugenia, Mwanza, 1998. Nimeongeza tisa.* Hakusema utani wowote, jambo lililomtisha Eugenia kidogo. Akavuta kibodi, akaandika chini yake: *Kwa Eugenia, awe mke wangu akipenda. Mihayo Luhaga.*

Eugenia alisoma mara mbili.

"Hili nalo halifutiki?"

"Mimi siwezi. Wewe huwezi. Hata atakayeichukua kesho huko duniani hawezi."

"Basi sogea."

Akaandika polepole, kwa kidole kimoja: *Anapenda. Aje Bukoba kwa wazazi, na bastola aiache Mwanza.*

Kisha akachukua kichupa cha elfu moja na moja.