Siku za Mawingu

Asubuhi nyingi saa moja, katika nyumba yao ya ghorofa ya tatu huko Saint-Gilles, mjini Brussels, Mauwa alimkalisha mdogo wake Josias kwenye kiti cha jikoni na kumpaka krimu ya kuzuia jua. Josias, mwenye miaka saba, alifumba macho akihesabu kwa Kifaransa. Akifika trente, yaani thelathini, kazi huwa imekwisha.

Asubuhi moja ya Juni 1996 hakufika trente. Nyuma ya sikio lake, kidole cha Mauwa kiligusa kitu kigumu, kidogo kama punje ya mchele. Alipokigusa tena, kilitoa damu.

"Ni nini?" Josias aliuliza.

"Si kitu," Mauwa alisema, akaifuta damu kwa kitambaa.

Josias alizaliwa na ugonjwa ambao ngozi haiwezi kupona madhara ya jua. Maman Bibiane, mama yao, aliondoka alfajiri kwenda kuwaosha wazee katika nyumba ya kuwatunzia, kwa hiyo kazi ya krimu ilikuwa ya Mauwa. Naye, akiwa na miaka kumi na miwili, alijua jambo ambalo mama hakulijua. Krimu ile iliacha michirizi myeupe kwenye uso mweusi wa Josias, na darasani wenzake walimuuliza kama amelala ndani ya unga. Siku moja alijisugua kwa sabuni ya vyombo mpaka akalia. Tangu hapo, Mauwa hakumpaka siku za mawingu. Mama mwenyewe, kama wengi waliotoka Lubumbashi, Zaire, alilicheka jua la Brussels, akisema ni kama taa ya friji. Na Brussels mawingu ni mengi.

Walikwenda hospitali huko Woluwe. Daktari Marie-Claire Kazadi, aliyekulia Likasi, si mbali na Lubumbashi, alikikata kile kivimbe na kukipeleka maabara. Wiki iliyofuata aliwaambia kwamba ilikuwa saratani. Ilikuwa imeondolewa yote, lakini nyingine zingeweza kuja. Kisha akauliza kama mtoto alipakwa krimu kila siku.

"Kila siku, daktari," mama alijibu. "Huyu dada yake ndiye anamupaka. Hasahau."

Daktari aliandika jibu hilo kwenye faili. Alisema kwamba kama krimu imeshindwa mapema hivi, basi Josias hataweza tena kutoka mchana. Ataacha shule na kukaa nyumbani, mapazia yakiwa yamefungwa. Josias aliuliza kwa sauti ndogo kama hata récréation, mapumziko ya kucheza shuleni, imo. 

Mauwa alitaka kusema ukweli, lakini akaogopa. Akauliza swali lingine badala yake: je, haiwezekani kumtengeneza Josias kwa ndani?

Daktari alichora nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Alieleza kwamba hii ni DNA, maandishi yaliyo ndani ya kila seli, na kwamba jua huyaharibu kwa kila mtu, kila siku. Lakini seli ina mafundi wake. Mmoja hupita akitafuta palipoharibika. Wengine hukata kipande kibovu na kukijaza upya, wakifuata uzi wa pili kama kielelezo. Josias anao wakataji na wajazaji. Aliyekosekana ni yule anayeonyesha mahali.

Aliendelea kusema kwamba watafiti wamejifunza kuikata DNA mahali wanapopachagua. Ikishakatwa, seli yenyewe hukimbilia kuiunga. Mara nyingi huunga ovyo, na herufi hupotea. Mara chache, ikipewa nakala nzuri, hunakili kutoka pale na kosa hufutika. Watafiti hukata tu. Anayetengeneza ni seli.

"Kwa hiyo Josias atapona?"

"Bon, sitakudanganya. Hayo ni ya seli chache ndani ya maabara. Ngozi ina seli mabilioni. Labda mtakapokuwa wakubwa, labda hapana. Leo sina kitu cha kumpa."

Mauwa alitazama mchoro ule, mahali pa fundi asiyekuwepo. Akaanza kulia.

"Siku za mawingu sikumpaka," alisema. "Tangu Machi. Walimcheka."

Mama alishika meza. Daktari hakufoka. Alieleza kwamba miale inayoharibu hupenya mawingu, na kwamba sasa uamuzi unabadilika: krimu haikushindwa, kwa sababu siku nyingi haikupakwa. Josias atabaki shuleni, akiwa na krimu, kofia, glavu, na kiti mbali na dirisha. Atakaguliwa kila baada ya miezi mitatu.

"Ungenyamaza, ningemfungia gizani bure," alimwambia Mauwa. "Kosa lisiloonyeshwa hakuna anayeweza kulitengeneza. Umefanya vibaya, halafu umefanya vizuri. Yote mawili uyakumbuke."

Ndani ya metro, treni ya chini ya ardhi, mama alitazama dirishani tu. Josias alilala, kofia ikiwa imemfunika macho. Vituo vilipita, na Mauwa alihesabu kila kimoja, akiamini kwamba mama hatamsamehe kamwe. Walipokaribia kushuka, mama alimshika mkono uliokuwa bado na harufu ya krimu.

"Ni mie nilikuambia jua ya huku haiko jua," alisema. "Sina hasira na wewe, mutoto wangu. Niko na woga. Kila siku niko na woga, na sijawahi kukuambia."