Chini ya Jivu la Pangoni

Jivu lilikuwa la moto. Regina aliuchomoa mkono shimoni, akapuliza vidole. Wataalamu walikuwa wamewaambia wachimbaji kwamba moto wa jivu hilo ulizimika maelfu ya miaka iliyopita; Regina na wenzake walikuwa wakichimba pango hili la Mbeere kutafuta mabaki ya watu wa kale waliopita wakihama. Sasa jivu lilinuka nywele zinazoungua.

"Dada, hapo kuna mwenyewe," alinong'ona Abdirizak, dereva aliyewaletea maji kutoka Meru mjini. "Ni jini. Funikeni hiyo shimo twende."

Njiru, mdogo wake Regina, alicheka. Akashuka na mwiko wake wa kuchimbia, akalikwangua jivu. Kicheko kikakatika.

Alipoinua uso, macho yalikuwa meupe, na sauti iliyomtoka haikuwa yake, ilikwaruza, na kwa kila neno ile harufu ilizidi na joto likapanda ukutani hadi popo wakamwagika nje mchana kweupe, na Regina akasikia: "Nilikaa hapa kabla ya mtu yeyote. Nyote ni wageni wangu. Huyu harudi kwenu."

"Regina, toka!" Abdirizak alisihi katikati ya dua.

Regina aliogopa, tusidanganyane. Lakini Njiru ndiye ndugu pekee aliyebakiwa naye, na hasira ikaushinda woga. Shimoni kuna sheria moja, aliyofundishwa siku ya kwanza: kilicho chini ndicho kilichotangulia. Akaruka ndani, akampokonya mwiko, akachimba chini ya lile jivu huku viganja vikitoka malengelenge na pumzi ya moto ikimchoma kisogoni, hadi akagonga kitu kigumu. Ilikuwa kauri, ganda dogo la konokono wa baharini, limetobolewa tundu la uzi.

Akaiinua mbele ya yale macho meupe ya Njiru.

"Bahari iko wapi na Mbeere iko wapi? Kuna mtu alibeba hii kwa miguu, akalala hapa. Wewe ukaja ukalala juu yake. Mgeni ni wewe!"

Joto likashuka ukutani.

"Na kwetu mgeni ni siku mbili. Ya tatu tunampa jembe." Akausukumiza mwiko kwenye mkono wa Njiru. "Shika!"

Njiru akamwangukia kifuani, mwili wa baridi, akiomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Mwiko haukuonekana tena.

Kisha ndani ya mwamba, chini kabisa ya miguu yao, kitu kikaanza kuchimba.

"Ya Allah! Anatafuta nini?" Abdirizak aliuliza.

"Anatafuta mahali ametutangulia." Regina alimkumbatia ndugu yake kwa nguvu. "Wacha achimbe. Hata huko atatukuta."